Chupa za Shukrani kwa Wateja

Desemba ya Durban haina huruma. Joto linakuja na unyevu wake, nguo inakugandama mgongoni kabla hujafika kazini, na kila mtu anajitahidi kuonekana ana furaha. Siku hizo nilikuwa nauza katika duka la jumla la vitu vya saluni pale Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi: nywele za kusukia, mafuta, dawa za kulainisha, mashine za kukaushia. Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye saluni, wengi wao Wakongo na Warundi, watu wa kwetu. Kila mwisho wa mwaka, kabla duka halijafungwa kwa likizo, bosi alikuwa anawapelekea kartoni ya shukrani: kalenda, taulo, bati la biskuti na juisi. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyefurahi pia, maana taulo ni taulo.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini, bosi aliniita stoo akafunga mlango. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Durban, anakaa Queensburgh, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akiibiwa. Alikuwa amesikia kwamba washindani wetu wa mjini wanaweka chupa ya wiski katika zawadi zao, na baadhi ya wateja wetu walikuwa wameanza kuhamia huko.

"Wewe unawajua watu wako," aliniambia kwa Kiingereza chake cha haraka haraka. "Tuweke pombe au tusiweke?"

Nikamjibu hapo hapo: tusiweke. Hakuwa hata amemaliza kuuliza.

Nilikuwa na sababu ya kukimbilia jibu. Dereva wa duka, ambaye ndiye angepeleka hizo kartoni, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Na mdogo wangu alikuwa mlevi aliyeacha. Nasema mlevi, sitafuti neno la kumpamba. Alipofika Durban alianza kwa kulinda magari kwenye maegesho, na alichopata mchana kiliishia baa jioni. Nimemwokota barabarani, nimemtetea kwa mwenye nyumba, nimempigia magoti bosi mpaka akampa usukani. Kisha, Pasaka ya mwaka ule, akasimama kanisani akasema basi, na kwa mara ya kwanza ikawa basi kweli. Akanenepa. Akaanza kuwapeleka watoto wake shule akiwa amewashika mikono, na jirani zake wakaanza kuwa wa kwanza kumsalimia.

Mke wake, wifi yangu, hakupiga vigelegele. Alikuwa ameahidiwa mara nyingi mno. Siku ile ya Pasaka tulikuwa jikoni kwao, anamenya viazi, na mumewe amesimama mlangoni.

"Wifi, na weye usikie," alisema bila kuinua macho. "Akirudilia tena, hata mara moja tu, mimi ninakamata watoto ninaenda kwa dada yangu Cape Town. Sitapiga makelele, sitalia. Nitaenda tu."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa akasema ni haki yake. Tangu siku hiyo nikawa naishi nikimnusa. Akiingia dukani namnusa, akiinama kunisalimia namnusa. Ni aibu mtu mzima kumnusa mtu mzima mwenzake, lakini ndivyo nilivyokuwa, na yeye alijua na akaninyamazia.

Kwa hiyo pale stoo nilimmiminia bosi kila hoja niliyokuwa nayo. Wale Wazanzibari wa Chatsworth, wateja wetu wa siku nyingi, ni Waislamu; kuwapelekea pombe ni kuwatukana mlangoni kwao. Wakongo nao, nusu yao wameokoka na nusu nyingine wanasema wameokoka. Mama mchungaji mwenye saluni mbili akikuta chupa ndani ya kartoni atatuhubiria mpaka Februari. Bosi alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima, halafu akanimaliza kwa upole. Tutatengeneza kartoni za aina mbili, alisema. Waislamu na walokole watapata tende na asali, waliobaki watapata brandi. Alinishukuru kwa ushauri mzuri. Nilijiona mjinga, maana mpango wote nilikuwa nimemtengenezea mimi.

Ndipo nikamwambia la moyoni. Nilimwambia dereva wetu ameacha pombe juzi juzi tu, na mkewe anahesabu kila pumzi yake, tafadhali asibebeshwe chupa.

Bosi akatabasamu. "Nimesema azipeleke, sijasema azinywe. Anashusha kartoni, anawatakia Krismasi njema, anaondoka. Kila siku anabeba dawa za nywele, mbona hajipaki?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na bosi hatuongei kuhusu kitu kimoja. Kwao zawadi ni kitu unachoweka mezani ukaenda zako. Kwetu kinywaji hakiachwi hivyo. Ukimletea mtu pombe, inafunguliwa mbele yako, na wewe uliyeileta ndiye unayepiga funda la kwanza, aone, ndipo naye anywe. Ni kumwondolea wasiwasi wa sumu. Hata wasioamini mambo ya sumu wanafanya hivyo, kwa sababu usipofanya, hata wasioamini wanaanza kuamini. Nilijaribu kumweleza. Akaniuliza nani atatia sumu kwenye chupa iliyofungwa kiwandani. Nikamwambia watu wa kwetu wanasema sindano inapita kwenye kifuniko. Alinitazama kwa huruma, akanitaka nikamtafutie utepe mwekundu wa kufungia kartoni.

Jioni nilimweleza mdogo wangu. Alicheka akaninyang'anya mfuko niliokuwa nimebeba, akaniita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, acha kuogopa. Mimi niko muzima sasa. Nitasema nilishaacha, basi. Banadamu si batasikia?"

Hawakusikia. Siku ya kwanza ya kugawa zawadi, simu ya duka ililia kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mwenye saluni kubwa mjini, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Mimi huwa namwita mama kwa heshima ingawa tunalingana umri, na yeye huwa ananiita hivyo hivyo. Siku hiyo sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama, muliniletea kitu gani hapa?"

Nikamuuliza kuna nini.

"Ndugu yako amekatala kuonja. Mbele ya baclients bangu bote! Mutu mwenye tunajua vile anakunywa, Durban muzima inajua, leo ndio anasema hakunywaki? Aliona nini mu ile chupa? Mukuje mukamate kitu yenu."

Nilimwapia kwamba kijana ameacha, ameokoka, tangu Pasaka hajagusa. Akacheka kicheko cha pembeni. Wote wanaokoka Desemba, akasema, halafu akakata simu. Nilibaki na mkono wa simu sikioni. Kila mahali mdogo wangu alikuwa anajulikana kwa kiu yake, na sasa kiu ile ile ilikuwa ushahidi dhidi yetu: mtu kama yule hawezi kukataa brandi ya bure ila kama anajua kuna kitu ndani yake. Angekuwa mtu asiyejulikana kwa ulevi, wangemsamehe.

Mchana akarudi na kartoni nne alizokataliwa. Alizishusha moja moja, jasho linamchuruzika. Habari ilikuwa imemtangulia kutoka saluni hadi saluni. Mahali pa mwisho hawakumfungulia hata mlango wa kioo, walimpungia mkono aende zake. Nilimpa maji ya baridi. Alikunywa, akaegemea gari, akasema, "Bananiangalia kama vile minaleta kifo, yaya." Sikuwahi kumwona amevunjika vile, hata siku alizokuwa analala kwenye maegesho.

Bosi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alifikiri, akakuna shingo, akaona suluhisho. "Basi aonje," alisema. "Kidogo tu. Alowanishe midomo. Ni suala la adabu, si ndiyo? Wewe mwenyewe ulinieleza." Nilimwomba tuondoe chupa zote, tuwape watu wote tende. Haiwezekani, alisema, mjini wameshajua kuna kartoni za brandi, atakayepewa tende atasema tumemdharau, na yule mama wa Bukavu atasema tumeficha ushahidi. Na kweli, nilipowaza vizuri, angesema hivyo hivyo.

Nikamwambia nitakwenda mimi. Nitakaa kiti cha mbele, nitashuka na chupa, nitaonja mimi. Bosi alikubali kwa siku moja.

Siku hiyo nimeisimulia mara nyingi kanisani kwetu watu wakafa kwa kicheko, na mimi mwenyewe nimecheka nao, ila nyumbani huwa siicheki. Sijawahi kuwa mnywaji. Kwa mama wa Bukavu nilifungua chupa mbele ya wanawake waliokaa chini ya mashine za kukaushia, nikapiga funda, koo likawaka, macho yakatoka machozi, wote wakapiga makofi. Mama alinikumbatia, akaniita dada, kosa likaisha. Saluni iliyofuata, funda. Iliyofuata, wakanimiminia glasi nzima kwa sababu ni Krismasi. Kufika mchana nilikuwa nawasalimia hata wasioniona. Kwenye robot moja, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nilimwimbia askari wa barabarani wimbo wa kwaya, na mdogo wangu akacheka mpaka akapitwa na taa ya kijani na taxi zote za nyuma zikatupigia honi. Alikuwa na akili zake timamu, mikono yake miwili kwenye usukani, na mimi dada yake mkubwa nimelegea kando yake na soda mkononi.

"Eish, yaya, leo weye ndio mulevi wa famille," alisema, akafuta machozi ya kicheko.

Alinifikisha nyumbani kwake ili nisionekane na majirani zangu. Wifi alinilaza kwenye godoro la watoto, akanipangusa uso kwa kitambaa cha maji. Alielewa yote bila kuelezwa. Alininong'oneza asante, na tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa unyonge hivyo. Nilidhani tumeshinda. Kichwa kilikuwa kinanipasuka na bado nilidhani tumeshinda.

Asubuhi yake duka lilikuwa limefurika. Wenye saluni wote walitaka mzigo kabla ya sikukuu, foleni ilifika mlangoni, na mwenzangu wa kaunta alikuwa amepiga simu kuwa anaumwa. Bosi aliniambia siendi popote. Nilimsihi mbele ya wateja, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Alinishika bega akanirudisha kaunta taratibu. Wifi alikuwa kazini kwake Chatsworth, kwenye nyumba za watu, asingepewa ruhusa. Nilimwomba mdogo wangu aanze na kartoni za tende, azicheleweshe, akae sana kwa Wazanzibari, anywe chai yao, siku iishe.

"Zile za Chatsworth nilishamaliza juzi, yaya," alisema. Akanionyesha kidole gumba. "Nitagusa na mudomo tu. Sharp?"

Sikumjibu sharp, yaani sawa. Nilimshika mkono hadi mteja aliyekuwa mbele yangu akaanza kugonga kaunta.

Saa za asubuhi zilipita kimya. Halafu, mchana, simu zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya kinyozi mmoja wa Bujumbura, anataka kumshukuru bosi. "Mwaka huu mmetuheshimu," alisema. "Na dereva wenu, huyo ni mtu! Amekaa na sisi, ameonja, ameongea vizuri." Nikasema asante. Simu ya pili ilisema amewachekesha. Ya tatu ilisema amecheza muziki nao, na kwamba mwaka kesho wanamtaka yeye yeye. Mimi nilikuwa nafunga nywele kwenye mifuko na kuitikia asante, asante sana, Krismasi njema. Hakuna aliyenipigia kunipa habari mbaya. Habari mbaya nilizipata zote kwa njia ya pongezi. Bosi alikuwa amesimama karibu yangu, anasikiliza kwa furaha, ananyoosha kidole gumba kila nikikata simu.

Mdogo wangu alirudi na gari zima, bila mkwaruzo. Alilipaki vizuri kuliko kawaida yake. Alikuwa anatafuna pipi ya mnanaa. Safari hii sikuhitaji kumnusa. Alinitazama mara moja, akaangalia pembeni, akasema, "Walifurahi sana, yaya," na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, nzito na yenye upole wa uongo, sauti niliyodhani tumeizika Pasaka. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikaenda chooni nikalia mpaka bosi akaja kugonga mlango, akitaka kujua kama bado tuna stoki ya nywele nyeusi za kawaida.

Wifi alitimiza neno lake. Hakupiga kelele, hakulia. Alipika sikukuu yote, akawavalisha watoto nguo mpya, akaenda nao kanisani, na siku chache baada ya Krismasi akanipigia simu nimsindikize kituo cha mabasi. Nilimwambia alikuwa kazini, wifi, alilazimishwa, haikuwa kiu yake, ilikuwa adabu. Nilimweleza habari za mama wa Bukavu, za kartoni zilizorudishwa, za bosi. Alinisikiliza akiwa amempakata mtoto wao mdogo.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ile ulipokuja unayumba. Lakini jana alikunywa nyumbani, wifi. Jana hakukuwa client."

Mdogo wangu alikuwa amelala nyumbani, na watoto walikuwa wameambiwa baba atakuja na basi lingine. Mkubwa wao alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba halitakuwapo. Alinipa mkono kama mtu mzima, akapanda basi wa kwanza, akakaa upande ambao sikuweza kumwona.

Duka lilifunguliwa Januari. Mdogo wangu alikuja kazini amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi na mkono usiojua pasi. Wateja walikuwa wamerudi, hata wale waliohamia kwa washindani, na bosi alikuwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Alituita sote wawili stoo. Alimshika mdogo wangu mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia yeye ndiye uso wa duka, na kwamba kuanzia mwaka ule atakuwa anazungukia wateja mara kwa mara kuwasalimia, si wakati wa Krismasi tu. Sikumchukia bosi. Nilijaribu na sikuweza. Alikuwa anampa mtu cheo, na alidhani anampa uhai.

Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na alikumbuka ubishi wetu.

"Haya, wewe uliyekataa," alisema akicheka. "Mwisho wa mwaka huu tufanye nini? Tuweke pombe au tusiweke?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu kituo cha mabasi. Nilikuwa na kila neno, na safari hii nisingezungumzia Waislamu wala walokole, ningemwambia kuhusu viti vilivyobaki vitupu nyumbani kwa mtu huyu aliyesimama mbele yake, ningemtajia watoto mmoja mmoja. Mdogo wangu alinitangulia. Alisema kwa Kiingereza, wazi, akimtazama bosi usoni na si mimi.

"Tuweke, bosi. Bila chupa watu hawafurahi."

Bosi akampigapiga begani, akaniambia safari hii niagize mapema.